Jembe la Marehemu Mwaisha

Nimeisikia habari hii kutoka kwa bibi yangu Kristina zaidi ya mara ishirini, na mara zote ishirini nimeshika shavu na kusema, "Jamani!" Sijazoea, wala sitazoea. Mtu anawezaje kukaa na mwanawe nyumba moja, wakala chungu kimoja, akamfokea kila asubuhi anayoileta Mungu, na bado akamficha mkono wake mwenyewe?

Ilikuwa Mgeta, huko juu ambako mashamba yamebandikwa mlimani, enzi za Mjerumani, mwaka ule reli ilipokwisha kuipita Morogoro ikaelekea Kilosa. Severini, mume wa Kristina, alikuwa amechukuliwa na watu wa boma kwenda kuchimba tuta la reli hiyo. Kristina akabaki na mtoto mgongoni, mama yake Mwaisha, na shamba la ngazi kumi na nne. Tunaziita ngazi kwa sababu ndivyo zilivyo: unalima moja, unapanda, unalima ya pili, na ukiteleza utaokotwa mtoni.

Wengine walikuwa na mbuzi. Bibi yangu alikuwa na kiwiko. Maumivu yalianzia kwenye mfupa wa nje wa kiwiko cha kulia, yakateremka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akikamua nguo, yapo. Akiinua chungu, yapo. Akishika mpini wa jembe, ndipo yanapofika na ndugu zao wote. Alipopumzika mwezi mzima yalikwenda zake, naye akamshukuru Mungu. Siku ya tatu ya kulima yakarudi mabichi. Kila mwaka yalifika kwa wakati wake, kama kodi ya Mjerumani. Alikandwa kwa majani ya mnyonyo, akachanjwa chale, akapakwa mafuta na padri wa misheni. Kiwiko kikapokea yote hayo bila shukrani.

Na mama yake? Mama yake alimtukana.

"Kristina, mvivu we! Jua limekukuta kitandani!" Hivyo ndivyo alivyoamkiwa. Siku moja alijikaza akasema, "Mama, mkono unaniuma kweli." Wakati huo kaka wa mama yake, Mjomba Abasi, alikuwa akipita njia ya juu ya shamba. Mwaisha akapaza sauti mlima mzima ukasikia: "Mkono gani? Uvivu tu huo! Mkono wa mvivu huuma kabla haujashika jembe!" Bibi yangu alilia mpaka mtoto mgongoni naye akalia. Kusema kweli, kila nikifika hapo humkasirikia huyo marehemu, ingawa najua mwisho wake.

Mjomba Abasi hakuwa mtu wa kupita njia bure. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo, hurithiwa upande wa mama, na mkuu wa ukoo ndiye anayegawa. Mkuu alikuwa yeye. Alikuwa na neno lake moja tu kuhusu mashamba: "Shamba la mlimani halikai na mkono mbovu." Wala halikuwa neno la mdomoni. Shamba lile la ngazi kumi na nne lilikuwa kwanza la dada yao mkubwa, Anastasia. Mkono wake ulipouma misimu miwili mfululizo, Mjomba Abasi alimnyang'anya akampa Mwaisha. Anastasia alifunga mzigo wake akateremka Mlali, chini kabisa mlima unapoishia, akaishi kwa watu wa mumewe kama mgeni miaka kumi na tisa.

Basi kiangazi kikiwa kinaisha, wiki chache kabla ya mvua za vuli, Mwaisha akapatwa na homa, na siku ya nne akafariki. Ngazi tano tu zilikuwa zimelimwa. Kristina alilia kwa mawili: mama amekwenda, na siku ya mazishi, mbele ya ukoo wote, mjomba atatamka shamba ni la nani. Alichoomba ni kiwiko kisijulikane.

Sasa, msibani kwetu kuna watani. Ukoo wao na ukoo wetu hutaniana tangu mababu, na mtu akifa wao ndio huchimba kaburi, hushika jiko, na humwigiza marehemu ili waliofiwa wasizimie kwa huzuni. Mtani akisema lolote hakasirikiwi. Mtani wa Mwaisha alikuwa Rehani, mwanamume mrefu mwenye ndevu, aliyelima ng'ambo ya pili ya bonde. Huko kwetu ng'ambo ni mbali kwa miguu lakini ni karibu kwa macho. Unamwona jirani anavyopenga kamasi. Rehani alikuwa amemtania Mwaisha miaka yote, pua yake, upishi wake, hata mumewe marehemu.

Kaburi lilipofukiwa, watu wakiwa wamekaa uani, Rehani akatoka nyumbani kwa marehemu amejifunga kaniki yake kifuani, jembe la marehemu begani, ndevu zote nje. Watu wakaangua kicheko huku machozi yanatoka. Akavuta ugoro wa Mwaisha, akapiga chafya ya Mwaisha, akatembea kwa mwendo wa Mwaisha, mabega mbele. Kisha akapiga kelele: "Kristina, mvivu we! Jua limekukuta kitandani!" Hata Kristina alicheka.

Halafu Rehani akaacha kuchekesha.

Alitazama juu njiani, akatazama chini, kama mtu anayehakikisha hakuna anayemwona. Akajibanza nyuma ya mgomba. Akachana ukanda wa gome lake, akaufunga chini kidogo ya kiwiko cha kulia, akaukaza kwa meno. Akaegemeza kipaji cha uso kwenye shina la mgomba, mabega yakawa yanamtikisika. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akafuta uso kwa kaniki, akatoka, akaanza kulima: amesimama upande wa chini akiuelekea mlima ili udongo umfikie kiunoni, jembe halivuki bega, kiwiko kimegusa mbavu, vidole vimeushika mpini kwa ulegevu. Akapiga majembe kumi, akabadilisha mkono wa mbele. Majembe kumi tena, akabadilisha.

 

"Mwongo!" Kristina akasimama, amesahau kwamba mtani hakasirikiwi. "Mama hakuwa na mkono mbovu!"

Rehani akaliweka jembe chini, akasema kwa sauti yake mwenyewe: "Mtani hutania, Kristina, lakini kaburini hadanganyi. Miaka kumi na tisa nimemwona kutoka ng'ambo. Alinijia akaniapisha nisiseme akiwa hai. Leo nimemzika kwa mikono yangu, kiapo kimekwisha."

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walisema kweli.

"Kwa nini asiniambie mimi? Mimi niliyekuwa naumwa hivyo hivyo?" Neno likamtoka Kristina mbele ya ukoo wote, mbele ya Mjomba Abasi, na alipolisikia akajiziba mdomo. Lakini neno likitoka halirudi.

"Nilimuuliza hilo," Rehani akasema. "Alinijibu hivi: akijua ataniiga, na Abasi akituona wawili atatambua; mvivu husutwa, akalima, mwenye mkono mbovu hunyang'anywa. Bora abangu aitwe mvivu."

Abangu ndivyo sisi tunavyomwita mtu wetu wa moyoni. Kristina hakuwahi kuitwa hivyo na mama yake, si mbele yake. Akaketi chini kama aliyepigwa. Miaka yote ile ya matusi! Kila tusi lilikuwa limepigwa kwa sauti ya juu ili lisikike njiani, mjomba alisikie, aende zake akidhani ni uvivu tu. Mimi hapa nimezeeka, na bado sijui nimpongeze mwanamke yule au nimgombeze.

Macho yote yakamgeukia Mjomba Abasi. Yeye alikuwa ameshika fimbo yake, mdomo wazi.

Ndipo akainuka mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama. Anastasia, dada mkubwa, alikuwa amepanda kutoka Mlali kutwa nzima kwa miguu kumzika mdogo wake. Mwanamke mkavu, kichwa cheupe.

"Rehani," akasema, "rudia."

"Nirudie nini, dada?"

"Ulivyolima."

Rehani akarudia polepole. Anastasia akatazama miguu yake, kiwiko chake, vidole vyake. Kisha akaenda kwenye mgomba, akachana ukanda, akajifunga, akachukua jembe la marehemu mdogo wake. Majembe kumi, akabadilisha. Majembe kumi, akabadilisha. Ardhi ya ua ule ilikuwa imekanyagwa miaka mingi, lakini ilipasuka. Wazee wa kiume walikuwa wamekodoa macho. Mkono ule wa Anastasia walikuwa wameuzika kabla ya mwenyewe kufa.

"Aliamka hata kiangazi akachimba kidogo," Rehani akaongeza. "Hakuupa mkono nafasi ya kusahau kazi, wala hakuuchosha kwa siku moja."

Anastasia akampa Kristina jembe. Kristina akajifunga, akalima. Iliuma, ndiyo, lakini iliuma kama mtoto anayenung'unika, si kama anayepiga mayowe. Alipofika kumi akabadilisha.

"Abasi," Anastasia akamgeukia kaka yake. "Shamba la nani?"

Mjomba Abasi akakohoa. "La Kristina," akasema, ameinamia fimbo.

"Vyema. Na mimi?"

Mjomba Abasi akaigeuza fimbo mkononi.

"Na mimi, Abasi? Miaka kumi na tisa?"

Bibi yangu alisema alimwona mzee yule, aliyekuwa akiogopwa bonde zima, akishindwa kupata pa kuweka macho, na mwisho akajifunika uso kwa shuka yake mwenyewe mbele za watu.

Anastasia hakurudi Mlali. Alibaki, na kesho yake alfajiri akina mama hao wawili wenye viwiko vibovu wakaanza ngazi ya sita. Rehani akawa anawasimamia kutoka ng'ambo, kazi ambayo hakuna aliyempa. "Kumi! Badilisheni, ajuza nyie!" sauti yake ilivuka bonde. Nao walimrudishia matusi yaliyomstahili, wakabadilisha. Siku nyingine walilima nusu ya ngazi wakaacha, hata kama jua lilikuwa bado. Hawakuacha siku nzima ipite bila kushika jembe.

Vuli iliwakuta kwenye ngazi ya kumi na nne. Matone ya kwanza yalianguka makubwa, zikiwa zimebaki hatua kama tano. Walizimaliza wakiwa wamelowa. Kristina akaliweka jembe begani, akateremka mbio mpaka kaburini, akasimama juu ya ule udongo mwekundu, akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Mama! Mvivu we! Mvua imekukuta kitandani!"

Kisha akaketi kwenye matope akalia. Anastasia akaja, akamwinua kwa mkono wake mzima, wakaenda nyumbani kubandika maharage.