Mthamini Nyuma ya Grili Yangu

Jamani, kabla hamjasimuliwa na watu wengine wakaongeza chumvi, acha niseme mwenyewe: yule mwanaume mwenye suti ya bluu aliyesimama nyuma ya grili za dirisha, na mzee wa Kizungu pembeni yake, wanapunga mikono kama mahabusu walioletewa chakula, yule ni mimi. Ile video imefika mpaka Mwanza. Shemeji yangu alinipigia kuuliza kama nimekamatwa, nikamwambia hapana, pale ni chumbani kwangu, akauliza, "Sasa kama ni chumbani kwako, unampungia nani?"

Swali zuri, na jibu lake ni refu.

Mke wangu Rehema ni nesi. Mwanzoni mwa mwaka alipata kazi kwenye hospitali moja Houston, zamu za mchana tupu, kitu alichokuwa anakililia miaka yote, akahamia na binti yetu Naila kwenye apatimenti mtaa wa Gulfton, mimi nikabaki Fort Worth, mwendo wa saa nne kwa gari, na nyumba mpaka iuzwe, kwa sababu (nilisema mimi mwenyewe, tena kwa sauti ya baba mwenye nyumba) nyumba haiachwi tupu. Tukakubaliana kwamba shule zikifunguliwa mwezi wa nane niwe nimeshafika, nimpeleke Naila siku yake ya kwanza ya darasa la kwanza. Nilimwahidi. Alinifanya nirudie mara mbili, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiingereza, ili baadaye nisije nikasema sikuelewa.

Mwezi wa saba wanunuzi wakapatikana, Mapendo na mumewe Justin, vijana wa Kikongo wapole sana wanaoishi na mama yake Mapendo. Walikuwa wananunua kwa ule mkopo unaodhaminiwa na serikali, na mkopo wa namna hiyo una masharti yake: anatumwa mthamini, na haangalii tu nyumba ina thamani gani, anaangalia pia kama ni salama kwa mtu kuishi. Akikuta kasoro, mauzo yanasimama mpaka urekebishe na yeye arudi kuhakikisha. Dalali wetu, dada Wairimu, Mkenya wa kule Plano asiyependa maneno mengi, akanitumia orodha ya mambo matatu. La kwanza, kwangua rangi iliyobanduka kwenye mbao za gereji upake upya, maana nyumba ni ya zamani na rangi za zamani zina sumu. La pili, toa grili kwenye madirisha ya vyumba vya kulala, moto ukitokea mtu awe na pa kutokea. La tatu, siku ya mthamini usiwepo.

"Usiwepo kabisa," akanisisitizia kwenye simu. "Enda msikiti, enda gym, mimi sijali. Ukiwa hapo utaongea."

La kwanza nililifanya siku hiyohiyo. Tatizo lilikuwa la pili. Sisi tuliokulia Mwanza, nyumba bila grili ni banda la maonyesho, mtu anaweza kuinua mguu tu akaingia. Wiki ya kwanza tuliyohamia pale, miaka tisa iliyopita, kabla hata hatujanunua kitanda, nilitafuta fundi wa kuchomelea, Mmeksiko mmoja mtaratibu, nikamchorea grili za kwetu zenye maua katikati na za kufungwa kwa ndani ya kioo. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Grili zile zilikuwa kazi ya kwanza niliyofanya Marekani nikajiona baba mwenye nyumba. Basi nikaitazama orodha ya Wairimu, nikaziangalia grili, nikaenda kununua mapazia mazito. (Kwamba mthamini angezunguka nje akaziona kupitia kioo, hilo halikunijia akilini, na naomba mtu asiniulize kwa nini.)

Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, kufunika dirisha kwa pazia. Mengine yote yalizaliwa hapo, maana mtu akishaficha kitu kimoja anaanza kupamba vingine ili macho yaende huko.

Rangi nyeupe ya gereji ilikuwa imebaki nusu ndoo. Na mimi neno serikali lilikuwa limeshaniingia kichwani, nimekulia shule ambako mkaguzi akitoka wilayani tunapanga mawe njiani na kuyapaka chokaa, miti nayo inapakwa mpaka usawa wa kiuno, hata anayekaguliwa haulizi kwa nini, ndivyo serikali inavyopokelewa. Nikapaka mawe ya bustani. Nikapaka mti wa mbele mpaka kiunoni. Jirani yangu, mstaafu mmoja anayemwagilia nyasi zake kila siku hata mvua ikinyesha, akaja kuniuliza kwa huruma kama mti unaumwa. Nikamwambia hapana, tunategemea ugeni.

Rangi ikawa inaelekea kwisha na mimi nimeshapata moto, nikaenda kununua ya mafuta, ile inayong'aa, nikaingia ndani. Siku moja kabla ya mthamini nilipaka fremu zote za madirisha, madirisha yakiwa yamefungwa, maana kwa joto la Texas kiyoyozi hakizimwi, kisha nikapaka mlango wa chumba chetu cha kulala, ndani, nje na kingo zake. Ili nipake vizuri nilifungua kitasa. Wakati wa kukirudisha skrubu moja ikapotelea kwenye zulia, nikaona moja inatosha, kitasa chenyewe hakiendi vitani.

Jumamosi saa nne asubuhi mthamini akafika. Nilikuwepo, tena nimevaa suti. Yeye alikuwa amevaa jinzi na buti zenye vumbi, mzee mrefu mwenye sauti ya upole, na hakuwa hata mtu wa serikali, ni mtu binafsi anayefanya kazi yake. Alitembea kutoka kwenye gari mpaka mlangoni bila kuangalia dirisha hata moja, macho yake yote yalikuwa kwenye mti. Akasema ataanza ndani, nje kunachoma. Nikamkaribisha chai na sambusa. Akasema asante, kazi yake hairuhusu kupokea chochote. Sasa kwetu mgeni akikataa mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili ni aibu, unaendelea tu kumbembeleza, kwa hiyo nikamkaribisha tena, na tena, na mara ya tatu nikamsogezea sahani mpaka kifuani. Akatoa kalamu akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Tulipofika chumbani akapiga picha dari, akapiga picha sakafu, halafu akaanza kuelekea kwenye pazia. Nikasema haraka haraka, "Samahani mzee, kabla ya hapo hebu uone mlango," na nikaufunga ili aone upande wa nyuma ulivyong'aa. Ulijifunga kwa sauti nzito, ya kunata. Akautazama. Akasema ni mlango mzuri. Nikashukuru, nikashika kitasa kuufungua, na kitasa cha upande wa ndani kikaja chote mkononi.

Tukakiangalia wote wawili.

Nikajaribu kucha. Rangi ilikuwa imegandana na fremu, na hata isingegandana, mlango ule unavutwa ndani na sasa hapakuwa na cha kuvuta. Simu yangu ilikuwa jikoni, pembeni ya sambusa. Mthamini, bila hasira hata chembe, akasema si neno, tutatokea dirishani, ndiyo maana chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha linalofunguka. Nikasema kweli kabisa. Sikusogea. Akaniangalia. Mwisho nikaenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nikalifungua lile pazia kwa mkono wangu.

Zile grili zilikuwa safi mno. Nilikuwa nimezipangusa vumbi.

"Hizi zipo tangu lini?" akauliza.

"Ni za muda tu," nikasema.

Akapiga picha. Akasogea kulia akapiga nyingine. Kisha akapenyeza mkono katikati ya maua ya chuma, akajaribu kuinua dirisha, halikuinuka, kwa sababu nalo nilikuwa nimelipaka rangi likiwa limefungwa. Akapiga picha ya tatu. Nilitamani ardhi inimeze, ila najua ile sakafu, ni zege.

Alimpigia Wairimu kwanza, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi, akaweka spika. Wairimu alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kwa Kiswahili, "Baba Naila, na wewe uko hapo?" Nikasema niko. Akasema, "Mimi niko Plano, ni saa nzima kufika. Mwambie aite zimamoto. Na usiongee." Nikamsihi mthamini asiite zimamoto, akawa anaongea nao tayari, kwa upole uleule.

Nje jirani yangu alikuwa anamwagilia nyasi. Nikagonga kioo, nikapunga mikono yote miwili. Akatabasamu, naye akapunga, akaendelea kumwagilia. Mthamini akapunga vilevile. Na hapo ndipo gari la Mapendo likasimama mbele ya nyumba, maana kumbe kila Jumamosi walikuwa wanapita tu kuitazama nyumba yao itakayokuwa. Wakashuka wote watatu. Wakaona mawe meupe, wakaona mti, wakaona muuzaji wao ndani ya suti nyuma ya nondo na mzee wasiyemjua, wote wanapunga. Justin akadhani tumetekwa. Akarekodi, akaituma kwenye kikundi cha kwaya yao akiomba watu waingie kwenye maombi, na kwaya ile ina Watanzania wanne, na wale wanne wana ndugu.

Aliyetuokoa ni mama yake Mapendo. Hakuongea na mtu, alishika vitenge vyake, akapanda ngazi, akaingia mlango wa mbele ambao tangu asubuhi ulikuwa haujafungwa, akafuata korido, akazungusha kitasa cha upande wake na kuupiga mlango kwa nyonga. Ukafunguka. Akatutazama, akaitazama suti yangu iliyopata mistari myeupe mabegani, akasema, "Baba, mulango ilikuwa wazi tu."

Ving'ora vikaanza kusikika wakati huo. Gari la zimamoto likafika, kubwa, jekundu, likaziba mtaa mzima, wakashuka wanaume wanne na mashoka, nikalazimika kuwaeleza kwamba tumeshaokolewa na bibi. Justin, ili kunifariji, akanishika bega akasema, "Papa, lakini iyi nyumba iko solide, iko nguvu." Mthamini akamaliza kupima vyumba vilivyobaki huku mlango wa kila chumba akiuegemeza na buti yake. Alipoaga alinipa mkono.

Ripoti ilikuja katikati ya wiki. Thamani haikuwa na neno. Ila grili zote zitolewe, madirisha yote yafunguke, mthamini arudi kuhakikisha, ndipo watu wasaini. Wairimu akahesabu siku akaniambia kusaini kutavuka tarehe ya kufungua shule.

Jioni nikampigia Rehema. Nilikuwa nimejiandaa kumchekesha, nikamsimulia yote kwa mbwembwe, kitasa, jirani, bibi na nyonga yake. Hakucheka. Alisubiri nimalize.

"Baba Naila," akasema, "uliambiwa mambo matatu. Wewe ukaenda kupaka mti rangi. Kama hutaki kuja Houston niambie, nijue moja."

Nikataka kusema ni grili tu. Lakini alikuwa amenipata. Pale Fort Worth watu wananijua, nina miaka saba kwenye ghala moja, najua kila forklifti na tabia yake, na kule ningekuwa mume wa nesi, mtu mgeni anayeuliza njia ya kwenda dukani. Niliogopa, ndugu zangu. Mtu mzima mwenye suti, niliogopa kuhama, na badala ya kusema nikawa napaka rangi. Nikamwambia hivyohivyo, kwa maneno machache na mabaya. Akasema, "Na mimi nilipofika huku niliogopa. Ila mimi nilikuwa na Naila mkononi, sikuwa na nafasi ya kuonyesha."

Kesho yake nikaazima grenda, nikazikata grili zote kabla ya adhuhuri. Madirisha nikayafungua kwa kisu, moja moja. Mthamini aliporudi hakukaa dakika kumi. Mapendo na Justin wakasaini, nikawakabidhi funguo, nikaendesha mpaka Houston bila kusimama isipokuwa kujaza mafuta.

Nilichelewa siku nne. Asubuhi ya siku ya tano niliamka mapema, nikampigia Naila pasi sketi yake, nikamwambia leo baba anakupeleka. Tukatembea mpaka getini kwa shule, nikamnyooshea mkono tuingie wote. Akaniangalia kwa huruma, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba si lazima, siku ya kwanza ndipo alipokuwa anamhitaji mtu, sasa hivi darasa analijua. Akaingia peke yake, begi linamruka mgongoni.

Tangu hapo mtu akinipa orodha, naanza na lile nisilolitaka.