Kaburi la Tatu

Mwaka ule serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, na shahada yangu ilikaa ndani ya bahasha nyumbani Mabawa. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi. Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, mtu wa msikitini, alileta kompyuta kutoka Dubai, akanipa kazi ya kuingiza humo daftari la makaburi la Pangani.

Daftari lilikuwa kwa herufi za Kiarabu. Hazikuenea katika nafasi ndogo ambayo C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huipa herufi ya Kirumi, kwa hiyo nilitumia herufi pana, pamoja na amri iitwayo wcsstr, inayotafuta kipande ndani ya maandishi marefu.

Wa kwanza kuuliza alikuwa mama wa Pemba. Alitaka kaburi la baba yake alisimikie mashahidi, yale mawe ya kichwani na miguuni. Mawe yalikuwa yameshachongwa, na kesho kutwa alikuwa anarudi kwao. Niliandika jina la baba yake na la babu yake. Jibu likaja papo hapo.

“Safu ya pili, kaburi la tisa,” nikamwambia. “Miaka sabini sasa.”

“Mwanangu, mie nina hamsini na mbili.”

Tajiri yangu akacheka huku anapima kitambaa. “Chuo kikuu hicho, mama. Kwao hata maiti wanazaa.”

Kwetu mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake, kwa hiyo jina la mtu pamoja na la babaye hurudi kila baada ya vizazi viwili. Wcsstr nayo huonyesha pale inapokuta mara ya kwanza tu, basi. Ukitaka zaidi, usogee herufi moja mbele uulize tena. Yote mawili niliyajua, na mimi mwenyewe nina jina la babu. Sikuwahi kuyaweka pamoja.

Nikaongeza kwenye programu mistari michache ya kurudia kutafuta. Wakatoka watatu: babu wa baba yake, mtoto wa miaka minne, na mtu mzima wa safu ya sita. Nikamsomea mwaka aliokufa huyo wa mwisho.

“Ndiye. Mwaka huo mie naolewa.” Akasogea karibu na kompyuta. “Niandikie na hao wawili. Mawe ni ya baba, ila nao niwasomee Yasini.”

Sikuwa na hakika kama maiti husikia. Namba za safu nilizikagua mara mbili kabla sijampa karatasi.