Nilimuomba Riziki Awe Masikio ya Mwenzake

Admin, ufiche jina yangu na jina ya masomo, ile shule yangu, juu huku kwetu tunajuana bote. Majina ya batoto nimeyabadilisha.

Mi ni mwanamuke wa miaka makumi tatu na ine, niko na bwana na batoto, na ninafundisha mwaka wa tatu ku masomo moja ya musingi pembeni ya ziwa, upande wa Lusenda. Darasa yangu imejaa mupaka batoto bengine banakaa chini.

Mwaka jana mama mumoja, mukimbizi wa Burundi mwenye anaishi ku kambi, alikuja amemushika binti yake mukono. Mutoto anaitwa Sifa. Homa kali ilimuacha kiziwi akiwa mudogo. Mama akaniambia, "Madame, banamukatala kila fasi. Banasema atapotezea bengine wakati. Lakini huyu mutoto ana akili, umujaribu tu."

Hakuna mutu alishanifundisha namna ya kufundisha mutoto mwenye hasikie. Nilifanya yenye niliweza. Nilimukalisha mbele. Nilianza kusema nikimuangalia uso, nikachora mingi ku ubao, na alama za mikono tulizitunga sisi wenyewe. Pembeni yake nikakalisha Riziki, mutoto wa muvuvi wa hapa hapa. Nikamuambia, "Riziki, utamusaidia mwenzako. Kengele ikilia, umuguse bega. Tukicheka, umuonyeshe tunachekea nini." Akafurahi sana, kama nimemupa cheo.

Ndugu zangu, ile mambo ilifanikiwa! Sifa aliandika jina yake. Kisha hesabu, akapita batoto mingi benye kusikia. Siku moja nilikosea hesabu ya kutoa ku ubao, na batoto bote bakaandika vile vile. Sifa njo alisimama, akafuta, akaandika jibu ya kweli. Riziki alicheka mupaka kulala ku meza, na Sifa naye akacheka, na ile sauti yake kubwa yenye batoto balizoea kuchekelea. Ile siku hakuna mutu alimuchekelea.

Kisha asubuhi moja bunduki zikaanza kulia upande wa mulima. Kwanza mbali, kisha karibu. Nililalisha batoto chini. Ziliponyamaza kidogo, direkta, mukubwa wa masomo, akapiga kelele tutoke, tupite nyuma, tukimbilie mu mashamba ya mawese. Nilikuwa nimebeba mutoto mumoja mwenye alizimia. Tulipofika ku miti ya kwanza, Riziki akageuka huku na huku, akasema, "Madame, Sifa iko wapi?"

Sifa alikuwa ameenda ku choo kabla bunduki zianze. Hakusikia kitu.

Nikasema, "Ngojea, miye nitarudi." Kabla niweke chini ule mutoto, Riziki alikuwa ameshakimbia. Nilimuita. Hakugeuka. Kisha nikabaona bote bawili banatoka nyuma ya choo, Riziki mbele anavuta, Sifa anamufuata bila kuelewa, bado anafunga kifungo ya nguo yake. Bunduki zikalia tena. Riziki akaanguka.

Ku hospitali ya Baraka balimukata muguu, juu ya goti.

Nilienda kumuangalia. Mama yake alikuwa amekaa chini pembeni ya kitanda. Hakunisalimia. Alisema pole pole, juu mutoto alikuwa amelala: "Madame, wewe njo ulimupa mutoto wangu kazi ya kuwa masikio ya mutoto wa bengine. Batoto bako, uliwapa kazi gani?" Papa yake alinisindikiza mupaka inje, akaniambia nisikanyage tena kwake.

Masomo ikafunguliwa. Direkta akaniita. "Sifa harudi," akasema. "Mutoto hasikie bunduki, miye nitajibu nini ku bazazi?" Nikamuuliza, na Riziki akipona? Akatikisa kichwa. "Na zile magongo? Ku ile choo ya shimo? Abaki nyumbani, mutoto wa watu."

Lakini Sifa anakuja kila asubuhi. Anakaa inje, chini ya dirisha yangu, anaangalia mikono yangu nikifundisha. Anafanya alama ya Riziki, ile ya kugusa bega, kisha anafungua mikono: iko wapi? Nimejaribu kumuelezea. Sijue kama ameelewa, na niko naogopa siku ataelewa. Direkta akimufukuza, anazunguka nyumba, anarudi. Mama yake nilimuambia amuzuie. Akaniuliza, "Madame, nikienda kulima anabaki peke yake. Bunduki zikilia ku kambi, nani atamugusa?"

Bwana wangu anasema niombe kuhamishwa niende Uvira, niachane na hii shida. Hana roho mubaya, anaogopa tu.

Nilikuwa nafikiria kukubali. Kisha juzi shangazi ya Riziki alinikuta ku soko, akanivuta pembeni. Akasema mutoto amerudi nyumbani na analia kila siku anataka masomo, anauliza nani sasa anaambia Sifa kengele imelia. Mama yake akamujibu, "Ile kengele njo ilikula muguu yako."

Tangu ile siku silale muzuri. Ninaweza kufundisha hawa bawili kwangu nyumbani, kisha ya kazi, direkta hatanizuia. Lakini kwa Riziki shurti nipite kwa bazazi bake. Nikifika pale, nitabaomba nini: msamaha, ao mutoto wao tena? Na nikimupata, nitamukalisha tena pembeni ya Sifa?

Balimu, bazazi, wewe mwenye unasoma na una mutoto wa namna hii, musinifiche kitu, hata kama itaniuma. Niende, ao niache? Na sana sana bamama: kama Riziki ni wako, na miye niko nabisha ku mulango, ungenifungulia?