Jina la Mwana wa Tatu

Kwetu sisi Wakonzo mtoto hachaguliwi jina. Huzaliwa akalikuta linamngoja. Mwana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na wa tatu vivyo hivyo, katika kila nyumba kuanzia Mahango hadi mpakani. Ndiyo sababu jina la mwanangu wa tatu halikuzikwa pamoja naye.

Alikuwa winga wa kushoto wa klabu ya mji wetu, Kasese. Mto ulipofurika kutoka milimani Bulembia, alivuka kwenda kumtoa shangazi yake. Akamtoa, kisha akarudi kuchukua godoro. Tulimzika mlimani, kwenye migomba ya baba mkwe. Kabla ya ligi kufunguliwa klabu ilimsajili winga mwingine, kijana wa Bwera, naye mwana wa tatu kwao.

Nyumba yetu imepakana na ukuta wa uwanja. Katika mechi ya kwanza nilikuwa uani nachagua maharage, umati ukaliita lile jina kwa sauti moja. Nikajikuta nimejibu, "Hayupo," kama nilivyozoea kuwajibu rafiki zake waliokuja kumwita langoni.

Tangu hapo niliomba jambo moja tu: msimu uishe. Ligi ilinipa matumaini, kwa kuwa timu ilifungwa nyumbani na ugenini, na ilipofungwa umati ulinyamaza mapema. Kombe ndilo lililonikataa. Kila raundi tuliambiwa watatolewa, na kila raundi walisonga mbele, mara kwa penalti, mara kwa bao la dakika za nyongeza, nami nikarudishiwa lile jina. Mume wangu, mwanajeshi mstaafu, hakukosa mechi. Akirudi alivua viatu mlangoni na kusema, "Leo kakimbia vizuri. Ila bado anakawia kurudi kukaba." Hakusema nani. Aliyekuwa akikawia kurudi kukaba ni mwanetu.

Jirani yetu, mke wa polisi aliyehamia juzi kutoka kaskazini, alinichungulia juu ya ua siku ya robo fainali. "Mama, timu inashinda na wewe nalia? Basi wewe iko mushabiki ya timu ingine!" Akacheka sana. Hakuwa amesimuliwa. Nami nikacheka naye.

Nusu fainali ilichezwa Bwera, kwa kuwa uwanja wetu ulikuwa umejaa maji.

"Twende, mama watoto," mume wangu akasema. "Ukimwona utapumzika."

Nikaenda, nikamwona kwa mara ya kwanza: mfupi, mwenye kifua kipana, soksi zimeshuka hadi viatuni. Hakufanana na wetu hata kidogo. Nilianza kupata nafuu, hadi alipogongana na kipa, akaanguka, asiinuke.

Sikumbuki kuvuka mstari. Nakumbuka nimepiga magoti kwenye nyasi, kichwa chake kimelala mapajani mwangu, namwita, namwita. Kisha akaja mama mmoja, anahema, kilemba kimefunguka. Daktari wa timu akatutazama sisi wawili.

"Mama ya mutoto ni nani hapa?"

"Ni huyu," nikasema, nikaondoa mikono yangu na kumpisha.

"Unajua mutoto yangu?" yule mama akaniuliza.

"Nalijua jina lake."

Kijana alifumbua macho. Walimtoa kwa machela, bega limeteguka. Timu ikafungwa, na kombe likaishia hapo. Safari hii mume wangu hakusimulia mchezo. Tulikuwa tumekaribia nyumbani aliponiuliza, akitazama nje ya dirisha la basi, "Kichwa chake kilikuwaje?"

"Kilikuwa na joto," nikamwambia.

Hakunigeuzia uso mpaka tulipofika.

Ilibaki mechi moja ya ligi, na uwanja wetu ulikuwa umekauka. Kijana alikuwa kwao Bwera akiuguza bega, hivyo umati ulishangilia majina mengine. Nilipewa ukimya niliouomba msimu mzima. Niliketi nao uani, na ukazidi kunielemea kiasi kwamba kipindi cha pili nilikwenda ukutani nikaliita lile jina mwenyewe, mara moja, kwa sauti niliyokuwa nikimwitia mwanangu chakula.

Upande wa pili mwanamume fulani, sauti nzito ya mtu mzima, akaitika.

Mwana wa tatu wa mama mwingine.