Shemeji Ashikishwa Mkoba

Majira haya ya kuchipua nilikwenda kuvua samaki kwenye kituo cha burudani nje kidogo ya London. Karibu na bwawa, watu walikuwa wakipiga risasi visahani vya udongo vinavyorushwa angani. Mzanzibari mmoja alimwambia mke wa kaka yake: "Shemeji, tushikie mikoba. Bunduki si mwiko wa kupikia."

Nikafungua mdomo nimkemee. Mama yule akaninyamazisha kwa kiganja. "Mwache. Atakayekosa atapika pilau leo."

Bwana akafyatua, kisahani kikapita kizima. Mama akapandisha mikono ya buibui, akashika bunduki, akasema bismillahi, akafyatua, na kisahani chake kikawa vumbi.

"Pemba nilikuwa nikifukuza kunguru kwa mawe kwenye dagaa walioanikwa," alisema. "Kunguru hulengwa aendako, si alipo."

Akamtundika shemejiye mkoba begani. "Vitunguu vimo humo."

Samaki sikupata, lakini kwenye pilau nilijialika waziwazi.