Mchanga wa Isogai

Isogai Tamotsu alitunza bustani za chuo kikuu cha mji wetu wa kaskazini kwa miaka thelathini na minane, lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya maua. Kila Februari, siku ya mtihani wa kuingia, alimwaga mchanga juu ya barafu kutoka langoni hadi mlango wa ukumbi. Aliuomba kwa watu wa reli, ule wanaoutia chini ya magurudumu ya treni yasiteleze. Watahiniwa waliinama, wakachota kidogo, wakaufunga karatasini na kuutia mfukoni kama hirizi ya kutoanguka. Maana kuanguka siku hiyo ni nuksi, na wazee walisema anayemgusa aliyeanguka huingia na nuksi hiyo mtihanini.

Siku hizi kuna kampuni. Wanarusha chumvi dakika kumi, wanapiga picha kuonyesha kazi imefanyika, wanaondoka. Hakuna anayeinama.

Mimi nilikuwa nikichochea tanuri la kupashia joto maktaba ya chuo hicho. Vitabu vilivyotupwa ndivyo vilivyonisomesha. Tulipostaafu, Isogai alimpangisha chumba cha juu msichana wa Kiburma, Hnin Yati, aliyekuja kusoma lugha yetu ili aingie kitivo cha kilimo. Isogai akamfunza kila kitu: viatu vielekee mlangoni, supu inywewe kwa bakuli mdomoni, ukitoka safari uwaletee wenzako peremende. Mwaka wa kwanza alifeli. Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kinaisha Machi. Akifeli tena, ni kwao.

Asubuhi ya mtihani wa pili tuliondoka watatu. Isogai alibeba ndoo yake.

"Shika," akampa Hnin karatasi yenye mchanga. "Na ukimwona mtu kaanguka, pita kama hukumwona."

"Hata nikikuona wewe, Babu?"

"Mimi? Nilianza kumwaga mchanga kabla mama yako hajazaliwa. Nianguke mimi!"

Langoni mlinzi alimzuia Isogai. Hnin alikuwa ameshaingia.

"Mzee, ndoo hiyo hairuhusiwi. Mambo ya bima."

"Bima itawashika mkono wakiteleza?"

Akageuka kwa hasira, na miguu ikateleza. Alianguka kwa nyonga, mchanga ukamwagika wote mahali pamoja. Vijana wenye makoti meusi wakagawanyika pande mbili, wakampita. Msichana mmoja alifumba macho kabisa. Mlinzi akawa anazungumza na redio yake. Mimi na goti langu hili niliinama, nikashindwa.

Hnin akageuka, akarudi.

"Pita!" Isogai akanguruma. "Wee mtoto, pita! Usiniguse!"

"Babu, nyamaza."

"Miaka miwili! Fomu umeiandika kwa mkono mara tano kwa sababu ya doa moja! Nenda!"

Hnin aliweka mkoba chini, akampitishia mikono kwapani. "Babu Kudo," akaniambia, "lete kiti cha huyu mlinzi." Akamkalisha, akampangusa theluji kofiani, kisha akakimbia, magoti yakiwa yamelowa. Kengele ililia kabla hajafika mlangoni, ila walimruhusu aingie.

Siku kumi Isogai alikula kama ndege. Nyonga haikuvunjika, kilichomuuma kilikuwa kingine.

"Nimemponza," alisema.

"Nimesoma vitabu vingi," nikamwambia, "sijaona popote nuksi ikiharibu hesabu."

"Vitabu vyako vilitupwa, Kudo. Lazima kulikuwa na sababu."

Zamani matokeo yalibandikwa ubaoni, watu wakalia na kurushana juu mbele ya macho ya kila mtu. Sasa mtu anafurahi au anakufa moyo peke yake, kidole juu ya kioo cha simu. Mchana wa siku ile nilikuwa kwa Isogai. Hnin alishuka ngazi taratibu, akapiga magoti mbele yake, viganja juu ya mkeka, kama alivyofunzwa.

"Babu, nimefaulu."

Isogai alimtazama. Akachukua fimbo yake, akatoka, nikasikia mkono wa ndoo ukilia.

Theluji ilikuwa imeshayeyuka. Barabara ilikuwa nyeusi, kavu. Naye akawa anamwaga mchanga, konzi kwa konzi, kutoka mlangoni kwake hadi kona ya kwenda chuoni.

Hnin akavaa viatu, akatoka. Akainama, akachota.