Sikio la Kuang Maolan

Pu! Ilikuwa sauti ya mgongo wa baba yake ukitua mzima mzima kwenye uwanja wa kupuria mtama. Kuang Maolan alikua akiisikia kila asubuhi kabla ya uji. Hadi leo, nywele zikiwa zimeingia mvi na vidole vimekakamaa kwa kukanda unga wa mikate ya mvuke, hakuna sauti aliyoijua zaidi.

Kungfu ya ukoo wao ilichezwa chini: kujirusha, kuanguka, kubiringika, kuinuka na teke. Na mrithi alipimwa kwa sikio. Msikilizaji huketi akiwa amempa mgongo. Mwili ukitua kwa sauti moja, amefaulu. Zikiwa mbili, mkono umegusa ardhi kabla ya mgongo, na hana nafasi nyingine.

Leo msikilizaji ni Maolan, na anayeruka ni Suying, bintiye. Akishindwa, urithi unakwenda kwa mwana wa Dehai, binamu yake Maolan.

"Dada, masikio hayo bado yanafanya kazi?" Dehai akachokoza. "Au leo utasikiliza kwa tumbo la uzazi?"

Wanaume wakaangua kicheko.

"Yanafanya. Nasikia hata meno yako yanavyogongana kwa woga," akajibu Maolan bila kugeuka.

Kicheko kikafa. Suying akapanda meza, kisha benchi lililowekwa juu yake. Likalia chini ya miguu yake. Maolan akayashika magoti yake. Alitamani mtu akohoe, mbwa abweke, apate kisingizio. Wapi! Hata majani yalikuwa yametulia.

Ta-pu!

Ya kwanza ilikuwa nyepesi kama punje inayodondoka, ikamezwa papo hapo na ya pili.

"Moja! Moja!" watu wakashangilia. Dehai mwenyewe hakubisha.

Maolan angetikisa kichwa tu kukubali, mambo yangekwisha.

"Mbili," akasema, wote wakasikia.

Shangwe ikakatika. Nyayo zikaja mbio. Suying akasimama mbele yake, vumbi mpaka kwenye kope, mkono wa kulia ameuficha nyuma.

"Hakuna aliyesikia, Mama! Hata mmoja! Si ungenyamaza? Mama gani wewe?"

Maolan alimtazama usoni, kisha begani, mahali ule mkono ulipopotelea. Akainuka taratibu, akamsogelea mpaka vipaji vyao vya uso vikakaribia kugusana.

"Lete huo mkono," akanong'ona, "kabla haujavimba."